Mahindi yaliyokataliwa jikoni yasipikiwe mbwa: jinsi ya kudhibiti sumukuvu kuanzia shambani hadi kwenye bakuli

Katika nyumba nyingi mahindi hugawanywa kwa daraja. Mazuri yanasagwa kwa ajili ya watu. Yaliyobunguliwa na yaliyobadilika rangi yanatengwa kwenye ungo na kurushiwa kuku. Pumba zinazotoka mashineni zinapikiwa mbwa au zinapelekwa kwa ng'ombe. Yaliyooza kabisa yanaingia kwenye pombe ya kienyeji. Ukitazama juu juu, hakuna kilichopotea. Lakini kwa upande wa sumukuvu, mgawanyo huu ndio unaokusanya sumu ya mavuno yote na kuielekeza kwa mnyama mmoja, kisha sehemu yake inarudi mezani kupitia maziwa.

Mwongozo huu unahusu nyumba moja yenye watoto, mbwa, kuku na pengine ng'ombe wa maziwa. Chakula chao kinatoka kwenye gunia moja, kwa hiyo kinga yao pia ni moja.

Unachopambana nacho

Sumukuvu, au aflatoksini kama wengi wanavyoiita Kenya, hutengenezwa na kuvu aina ya Aspergillus flavus na Aspergillus parasiticus. Kuvu hizi huishi kwenye udongo na mabaki ya mazao, hupenda joto, na huingia kwenye punje kupitia majeraha: tundu la mdudu, ufa wa ukame, pigo la fimbo wakati wa kupura. Ukame shambani ukifuatiwa na mvua wakati wa mavuno ndiyo hali mbaya kuliko zote, kwa sababu mmea uliodhoofika huingiliwa mapema, kisha unyevu unaikuza kuvu ghalani.

Kuna mambo matatu ambayo watu wengi wanayaelewa kinyume.

La kwanza, kupika hakuiondoi. Aflatoksini huanza kuvunjika kwenye joto linalozidi nyuzi 200 za Selsiasi, na sufuria ya ugali au uji haivuki sana nyuzi 100. Kukaanga karanga kunapunguza sehemu tu. Kuchemsha maziwa hakubadilishi kitu, na kuyagandisha kuwa mtindi pia hakuleti usalama.

La pili, kuvu na sumu ni vitu viwili. Ukianika mahindi yenye ukungu mpaka yakawa makavu na meupe, umezuia kuvu isikue lakini sumu iliyoiacha bado imo ndani ya punje. Ndiyo maana mahindi yanayoonekana safi sokoni yanaweza kuwa na historia chafu, na unga haukuonyeshi chochote.

La tatu, sumu haisambai sawasawa kwenye gunia. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ya kuliwa na binadamu ni mikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa kilo, na mikrogramu 5 kwa ile kali zaidi, B1. Sasa fanya hesabu: punje moja ina uzito wa takribani theluthi ya gramu. Ikiwa punje hiyo imeathirika kwa kiwango cha mikrogramu 40,000 kwa kilo, jambo linalotokea kwenye punje iliyooza vibaya, yenyewe ina mikrogramu 13 hivi. Inatosha kuitoa kilo nzima ya mahindi safi nje ya kiwango. Hapa ndipo kazi ya kuchambua inapopata maana. Kwa kuondoa punje chache unaweza kuondoa sehemu kubwa ya sumu, na ndiyo sababu kumpa kuku au mbwa hizo chache ni kumpa karibu sumu yote.

Madhara yake yanajulikana. Mwaka 2004, katika maeneo ya Makueni na Kitui nchini Kenya, watu 317 waliugua na 125 walifariki. Chanzo kikuu kilikuwa mahindi ya shambani kwao wenyewe, yaliyohifadhiwa ndani ya nyumba yakiwa na unyevu. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania watu 68 waliugua na 20 kati yao walifariki. Kwa mbwa, mfano unaokumbukwa zaidi ni wa Marekani mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021: zaidi ya mbwa 110 walikufa wakihusishwa na chakula kikavu cha kiwandani kilichotumia mahindi yenye sumukuvu. Sampuli nyingine zilifikia sehemu 558 kwa bilioni (yaani mikrogramu 558 kwa kilo), wakati kikomo cha chakula cha wanyama wa nyumbani huko ni 20. Hivyo hata mfuko wenye chapa nzuri si kinga ikiwa mahindi yake ni mabaya.

Nje ya vifo hivyo vya ghafla kuna madhara ya polepole ambayo hayapigiwi kelele. Dozi ndogo za kila siku huongeza hatari ya saratani ya ini, na kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini B hatari hiyo hupanda mara nyingi zaidi. Chanjo ya homa ya ini B imo ndani ya chanjo za watoto za wiki ya 6, 10 na 14. Usiikose hata moja; kwa familia inayokula mahindi kila siku, ni sehemu ya kinga dhidi ya sumukuvu.

Shambani na wakati wa kuvuna

Kama unalima mwenyewe, nusu ya kazi inaishia hapa. Vuna mahindi yakishakomaa, usiyaache yasimame yakinyeshewa. Dalili ya kukomaa ni alama nyeusi kwenye kitako cha punje, pale inaposhikana na gunzi. Yakifikia hapo bado yana maji mengi, kati ya asilimia 25 na 35, kwa hiyo kazi ya kukausha inaanza mara moja.

Usiyarundike chini. Udongo ndiyo makao ya kuvu, na rundo la magunzi mabichi hupata joto lake lenyewe usiku kucha. Tandaza turubai, na kama una uwezo jenga chaga ya miti iliyoinuka juu ya ardhi. Menya maganda mapema na tenga magunzi yenye ukungu, yaliyoliwa na wadudu au yaliyoguswa na udongo kabla hujapukuchua, kwa sababu gunzi bovu moja linaonekana kirahisi, lakini punje zake 400 zikishachanganyika ni shida kuzipata.

Upukuchuaji nao una namna yake. Kupiga gunia kwa fimbo ni haraka, lakini kunapasua punje, na kila ufa ni mlango. Tumia mkono, kipukuchulio cha mkono au mashine iliyorekebishwa vizuri, na mahindi yawe yamekauka kiasi kwanza, mabichi hupondeka.

Kuna dawa ya kibiolojia inayoitwa Aflasafe, iliyosajiliwa Kenya na Tanzania. Ni mtama uliobebeshwa aina za Aspergillus flavus zisizotengeneza sumu, ambazo huwahi nafasi na kuzisukuma nje zile za sumu. Hurushwa kwa mkono, kilo 4 kwa ekari, wiki mbili hadi tatu kabla mahindi hayajachanua, kwenye udongo wenye unyevu. Ukirusha kwenye udongo mkavu, mbegu hizo hazitatoa kuvu na fedha yako imepotea. Zuia kuku wasiingie shambani siku za mwanzo, maana wataokota ule mtama wote. Na elewa kwamba hata ukiitumia, mahindi uliyoyahifadhi mabichi bado yanaweza kuharibika.

Kukausha, na kipimo cha chumvi

Kiwango cha unyevu salama kwa mahindi ni asilimia 13.5. Kwa karanga zilizobanguliwa ni karibu asilimia 7. Tandaza mahindi kwa unene usiozidi sentimita 4 kwenye turubai, yageuze kila baada ya saa moja au zaidi kidogo, na yafunike kabla umande haujaanza kushuka jioni. Watu wengi hukausha vizuri mchana kisha hupoteza kazi yote kwa kuyaacha wazi usiku.

Kuuma punje kwa meno au kusikiliza mlio wake ni uzoefu mzuri, lakini hukosea katika kiwango kile kinachohitajika. Kama huna mashine ya kupima unyevu, tumia chumvi:

1. Chukua chupa ya kioo kavu yenye mfuniko, ya kati ya nusu lita na robo tatu ya lita.
2. Kausha chumvi ya mezani juani au kwenye kikaango mpaka iwe inamwagika bila kushikana, kisha iache ipoe.
3. Jaza mahindi theluthi moja ya chupa. Ongeza vijiko viwili au vitatu vya chakula vya chumvi hiyo.
4. Funga, tikisa kwa dakika mbili hadi tatu, halafu iweke chupa itulie dakika 15.
5. Tazama kuta za chupa. Chumvi ikishikamana na kioo, unyevu umezidi asilimia 15. Ikibaki kavu na kuanguka chini, uko chini ya 15.

Angalia vizuri hatua ya mwisho: kufaulu kipimo hiki si sawa na kufikia 13.5. Ukifaulu, rudisha mahindi juani siku moja zaidi ya jua kali kabla ya kuyafunga. Pima kutoka sehemu tatu au nne za turubai. Pembeni hukauka kabla ya katikati. Kosa linalowapotosha wengi ni kutumia chumvi yenye unyevu au chupa iliyooshwa na kufutwa tu. Zote mbili hukupa jibu la uongo kwamba mahindi ni mabichi.

Karanga zina kanuni zake. Baada ya kung'oa, geuza mmea maganda yatazame juu, uache shambani siku mbili au tatu, kisha chuma na uendelee kukausha zikiwa na maganda. Zihifadhi na maganda yake, maana ganda zima ni kinga. Na usizilowanishe maji ili kurahisisha kubangua. Mazoea haya ni ya kawaida kwa sababu yanaokoa vidole, lakini punje iliyokuwa salama msimu mzima huharibika ndani ya siku chache baada ya maji hayo. Tumia mashine ya kubangulia, hata ya kukodi kwa pamoja na majirani. Ukinunua karanga sokoni zikiwa na ulaini usio wa kawaida au ganda lenye madoa ya maji, ziache.

Kuhifadhi

Weka mahindi makavu kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye tabaka mbili za plastiki ndani ya gunia la kawaida, au kwenye kihenge cha chuma chenye mfuniko unaobana. Wadudu na punje hutumia oksijeni iliyobaki ndani, dumuzi na fukusi hufa, na kuvu hukosa hewa ya kukua. Huhitaji dawa ya unga.

Kabla ya kujaza, puliza hewa kwenye kila plastiki, isokote mdomo, uibane na usikilize kama kuna tundu. Ingiza plastiki moja ndani ya nyingine, zote ndani ya gunia. Mimina kidogo kidogo ukishindilia ili hewa itoke, na acha kama sentimita 30 juu kwa ajili ya kufunga. Sokota mdomo wa plastiki ya ndani, ukunje, ufunge kwa mpira. Fanya hivyo kwa ya pili, kisha gunia. Weka juu ya mbao, mbali na ukuta. Usifungue mwezi wa kwanza, maana kila unapofungua unaingiza oksijeni mpya. Familia inayochota kila siku kutoka mfuko mmoja haipati faida yake. Ni bora kutenga gunia dogo la kutumia mwezi huu na mengine yabaki yamefungwa.

Mfuko huu hauponyi mahindi mabaya. Ukifunga yenye sumu, utayakuta na sumu ileile. Ukifunga mabichi, yatachacha na kutoa harufu.

Kama utatumia dawa ya kuhifadhi, soma lebo na utumie kipimo chake tu, na uheshimu muda wa kusubiri kabla ya kula. Dawa hiyo inaua wadudu. Haizuii kuvu kwenye punje zenye unyevu, wala haiondoi sumu. Vidonge vya kufukizia ghala vinavyotoa gesi ya fosfini visitumike ndani ya nyumba wanamolala watu au kwenye chumba kinachopakana nayo. Gesi hiyo inaua watu. Na mbegu za kupanda zilizopakwa rangi, hata zikibaki nusu mfuko, haziliwi na mtu, mbwa wala kuku, hata zikioshwa mpaka rangi itoke.

Kuchambua kabla ya kusaga

Hapa ndipo mtu anayenunua sokoni ana nguvu zaidi, na ndipo tunapokushauri utumie muda. Vaa barakoa, maana vumbi lake si la kuvuta. Pepeta kwanza uondoe vumbi, chenga na punje nyepesi. Kisha tandaza kwenye ungo au uteo penye mwanga wa mchana na utoe:

– punje zenye rangi ya kijani, kijivu, nyeusi au ya kahawia isiyo ya asili;
– zilizobunguliwa, zilizopasuka na zilizovunjika;
– zilizosinyaa, na zilizoanza kuota.

Kwa karanga fanya vivyo hivyo, na rudia baada ya kukaanga na kutoa ngozi nyekundu, kwa sababu baadhi ya madoa hujificha chini ya ngozi. Karanga iliyo chungu mdomoni iteme.

Baada ya kuchambua kwa macho, unaweza kuongeza hatua ya maji. Mwaga mahindi kwenye ndoo ya maji, koroga, subiri kidogo, engua na uondoe yote yanayoelea. Punje iliyoliwa na kuvu huwa nyepesi, na zinazoelea hubeba sehemu kubwa ya sumu. Kwa makande unaendelea kupika moja kwa moja. Kwa unga itabidi uyaanike upya na kuyapima kwa chumvi kabla ya mashine. Ukiyasaga na unyevu, unga utaota ukungu wiki hiyo hiyo.

Tochi za mwanga wa zambarau zinazouzwa kama kipimo cha sumukuvu zisikudanganye. Mng'ao wa kijani-njano unaoonekana unatokana na kemikali nyingine ambayo kuvu hii huitoa. Punje inaweza kung'aa bila kuwa na sumu nyingi, na yenye sumu inaweza isionyeshe kitu, hasa ikiwa nzima.

Dona au sembe? Dona ina virutubisho vingi zaidi, lakini sumu nyingi hukaa kwenye kiini na ganda la punje, vitu ambavyo kukoboa huviondoa. Msimamo wetu ni huu: mahindi uliyoyakausha mwenyewe na unayoyajua, saga dona. Mahindi ya sokoni usiyoyajua asili, chambua kisha koboa, na utafute virutubisho kwenye maharage, mboga na dagaa. Kwa unga wa dukani, nunua uliofungwa na wenye alama ya TBS au KEBS na tarehe inayosomeka.

Uji wa mtoto unahitaji ukali zaidi kuliko chakula kingine chochote ndani ya nyumba. Unga wa lishe huchanganya mahindi na karanga, yaani vyakula viwili vinavyoshambuliwa zaidi, na mtoto mdogo hunywa mara kadhaa kwa siku akiwa na kilo 8 au 10 tu. Chambua kila kiungo peke yake kabla ya kuchanganya. Saga wa kutosha wiki mbili, usisage wa miezi. Karanga usizisage pamoja na nafaka; zitwange pembeni na uongeze wakati wa kupika, hivyo utaziona kila mara. Ukiwa na shaka na karanga, tumia yai, maharage au dagaa badala yake, na uji wa ulezi au mchele upishane na wa mahindi. Mtu akikuuzia unga wa lishe uliosagwa tayari na karanga ndani, huna namna ya kujua ametumia zipi. Karanga zilizosinyaa ndizo za bei ya chini.

Bakuli la mbwa

Mbwa yuko kwenye hatari kubwa kuliko watu wa nyumba hiyo hiyo kwa sababu tatu. Ini lake huathirika kwa dozi ndogo. Anakula kitu kimoja kila siku, wakati mtu huchanganya wali, ndizi, chapati na ugali. Na anapewa pumba, yaani kile hasa ambacho mashine imetoa ili mtu awe salama. Unga wa mbwa unaopimwa kutoka kwenye gunia lililo wazi dukani unaongeza hatari hiyo.

Mpikie kwa unga uleule wa watu. Ukitaka kupunguza gharama, badili wanga: viazi vitamu vilivyochemshwa, wali, ndizi za kupika, au ugali wa mtama uliochambuliwa, vikipishana kwa siku. Dagaa wa mbwa wasiwe wale waliofagiliwa chini wakiwa na mchanga na ukungu. Waoshe na uwaanike tena. Ugali uliolala usiokuwa na ukungu ni sawa. Ulioota utando usimpe, hata ukikata sehemu iliyoharibika.

Ukinunua chakula kikavu cha kiwandani, nunua mfuko uliofungwa wenye namba ya toleo na tarehe, kwa ukubwa utakaomalizika ndani ya wiki nne hadi sita. Ukifungua, kiache ndani ya mfuko wake, ukunje mdomo, kisha weka mfuko mzima ndani ya pipa lenye mfuniko. Kumimina chakula kipya juu ya mabaki ya zamani chini ya pipa ndiko kunakoanzisha ukungu, na ukitupa mfuko unapoteza namba ya toleo utakayoihitaji mbwa akiugua. Usiweke jikoni karibu na mvuke.

Kuhusu viongeza, wenye mbwa wengi huogopa vihifadhi vinavyoandikwa BHA na BHT. Kazi yake ni kuzuia mafuta yasichache. Haviongezi wala kupunguza sumukuvu. Katika joto na unyevu wa Dar es Salaam au Mombasa, ukungu ndiyo hofu inayostahili kupewa nafasi ya kwanza. Viongeza viwili, hata hivyo, vitazame kwa makini. Xylitol, yenye namba E967, kiongeza utamu kinachopatikana kwenye baadhi ya siagi za karanga na peremende zisizo na sukari, huangusha sukari ya damu ya mbwa kwa ghafla na huweza kumwua. Propylene glycol, namba E1520, huruhusiwa kwenye vyakula vya mbwa lakini haifai kwa paka. Marekani iliipiga marufuku kwenye chakula cha paka. Kwa hiyo paka asile chakula laini cha mbwa kama chakula chake cha kila siku.

Dalili za mbwa aliyeathirika huanza kwa kukataa chakula, hasa akikataa kile alichokuwa anakipenda. Usimlazimishe, mnyama huyo pengine amekwisha kuhisi. Zinafuata kulala sana, kutapika, kiu, mkojo wa rangi ya chai, fizi na weupe wa macho kuwa njano, choo cheusi au chenye damu, wakati mwingine tumbo kujaa maji. Njano ikionekana, ini limeshaumia sana. Ondoa chakula chote mara moja, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo na umwambie waziwazi kwamba unashuku sumukuvu. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu yenyewe mwilini. Daktari husaidia ini kwa maji ya mshipa, vitamini K na dawa za kulinda ini, na kadri anavyoanza mapema ndivyo mbwa anavyokuwa na nafasi. Hifadhi kilo moja ya chakula hicho kwenye mfuko uliofungwa, ikiwezekana kwenye friza, pamoja na lebo, kwa ajili ya maabara.

Ng'ombe na kuku

Ng'ombe anayekula pumba, mashudu ya pamba au mahindi mabovu hubadilisha sehemu ya sumu kuwa aflatoksini M1 na kuitoa kwenye maziwa ndani ya siku moja. Mara nyingi ni kati ya asilimia 1 na 6 ya ile B1 aliyokula, na ng'ombe wa maziwa mengi hutoa zaidi. Habari njema ni kwamba ukisimamisha chakula kibaya, maziwa husafika ndani ya siku chache. Ng'ombe mwenyewe huenda asionyeshe dalili yoyote zaidi ya kupungua maziwa, kwa hiyo usimtegemee akuonye.

Maduka ya vyakula vya mifugo huuza unga wa kufunga sumu, mwingi wake ukiwa udongo wa bentonaiti, unaoshika aflatoksini tumboni ili itoke na mavi. Unasaidia kupunguza M1. Changanya kwa kipimo cha lebo, na kwanza changanya na kilo chache za pumba kabla ya kuingiza kwenye mchanganyiko mkubwa, vinginevyo ng'ombe mmoja atapata wote na mwingine hakuna. Usiutumie kama ruhusa ya kununua pumba zenye ukungu. Wauzaji wengine hufanya hivyo hasa, na udongo huo una kikomo.

Kwa kuku, vifaranga ndio wepesi kufa, na bata na batamzinga ni wepesi zaidi. Sumu hii yenyewe iligunduliwa baada ya batamzinga zaidi ya 100,000 kufa nchini Uingereza mwaka 1960 kwa kula mashudu ya karanga. Mayai hubeba sumu kidogo sana kuliko maziwa; hasara kubwa iko kwenye ukuaji na kinga ya mwili, kiasi kwamba chanjo ulizolipia hazishiki vizuri.

Kupima, kutupa, na lini kwenda hospitali

Kama una magunia mengi ya kuuza au ya shule, peleka sampuli maabara kabla ya kutumia. Matokeo yanategemea sampuli kuliko mashine. Ingiza bambo (chuma chenye ncha cha kuchotea sampuli) kwenye kila gunia juu, katikati na chini, kusanya angalau kilo 2 hadi 5, changanya zote na zisagwe zote, ndipo maabara ichukue sehemu yake. Konzi moja kutoka mdomo wa gunia haisemi lolote, kwa sababu ya ile hesabu ya punje moja.

Mahindi yaliyokataliwa usiyachanganye na mazuri ili kupunguza makali, usiyauzie kiwanda cha chakula cha mifugo, na usiyapeleke kwenye pombe, maana sumu hupita hadi kwenye pombe. Yachome, au yafukie kwenye shimo refu mbali na kisima, na funika vizuri ili mbwa na kuku wa jirani wasifukue. Punje za kuchambua kwenye ungo ziingie kwenye mfuko wao siku hiyo hiyo, zisiachwe uani.

Mtu mwenye sumu ya ghafla hupata kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo, macho ya njano, miguu au tumbo kuvimba. Wawili au zaidi wakipata hali hiyo nyumba moja, au watu wakiugua wakati mbwa na kuku nao wanakufa, acheni mara moja kula mahindi na karanga mlizonazo, nendeni hospitali na mbebe kilo moja ya unga au mahindi yenyewe. Mwambie mhudumu tangu mwanzo kwamba mnashuku sumukuvu, kwa sababu macho ya njano peke yake hufanana na homa ya ini ya virusi. Toeni taarifa pia kwa afisa afya wa kata, maana gunia lenu huenda limetoka kwenye lori lililouza kijiji kizima.